Sime Kiunoni mwa Waithera

Dada yangu Waithera huchoma nyama kule Rhonda, mtaa wa Nakuru, akiwa na sime kiunoni, na kwa muda mrefu nimekuwa nikimwombea aivue. Nimemwombea kwa jina, kanisani, nikiwa nimesimama. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya nidhamu ya kanisa letu, nina diploma ya ustawi wa jamii, na katika semina za amani ninazoendesha kuanzia Molo hadi Olenguruone kuna somo moja ambalo watu wamenijua kwalo: mwadilifu hatembei na chuma. Nimelifundisha kwa bidii hata vijana wa Kaptembwo wakanipa jina la Mwalimu Chuma, nami kwa muda nikadhani wananisifu.

Sime hiyo ilikuwa ya baba yetu, Mzee Kihara, ambaye sasa ni marehemu. Ni upanga mfupi wenye makali pande zote mbili, mwembamba kwenye mpini na mpana kuelekea ncha. Ala yake ni vibao viwili vya mti vilivyofunikwa ngozi mbichi, ikashonwa kwa mshipa wa ng'ombe, ikapakwa udongo mwekundu na mafuta ya kondoo mpaka ikawa na rangi ya ini. Baba aliishona mwenyewe, akiwa amekaa kwenye gunia la viazi, mwaka ambao pareto iliharibika na hakukuwa na kazi nyingine ya mikono.

Alitaka kunifundisha kuivaa. Nilikuwa mtoto wa vitabu, na kila aliponiita nilikuwa na hesabu za kumaliza. Waithera alikuwa mchungaji wa kondoo wetu ukingoni mwa msitu, hana hesabu, ana mikono. Basi baba akamfundisha yeye, si kwa sababu ya fikra za kisasa, bali kwa sababu alikuwa na jambo la kufundisha na huyo ndiye aliyekuwa karibu.

Sime huvaliwa upande wa kulia, si kushoto kama askari wa gwaride. Ukanda hukaa juu kidogo ya nyonga, ala inalala kwa mshazari, mpini unapanda mbavuni ili kiwiko kiufunike. Ukikutana na Waithera huoni mpini. Unaona mwanamke aliyebana kiwiko kama mtu anayesikia baridi. Na kuichomoa kuna namna mbili. Baba aliziita ya njiani na ya nyumbani. Ya njiani ni ya haraka, mkono mmoja, na mara nyingi aliyeiona hakupata nafasi ya kuisimulia. Ya nyumbani ni ya polepole: unageuza bega ili usimwelekee mtu, unashika mdomo wa ala kwa mkono wa kushoto, unavuta juu taratibu, ncha ikitazama ardhi muda wote, halafu unafuta chuma kwa nyasi mbele ya watu ili waone hakina kinyongo. Waithera alimwuliza mbona hamfundishi ya njiani. Baba akasema, "Hiyo utafundishwa na njia."

Njia ilimfundisha mengine. Aliolewa na mwanamume mpole aliyekuwa akipakia viazi kwenye malori pale Keringet. Akafiwa naye mapema, akateremka Nakuru na binti yake mdogo, Becky, na sufuria mbili. Alianza kwa kuuza supu ya kichwa na miguu. Baadaye akapata jiko la mkaa, kisha kibanda cha mabati chenye benchi, kisha wateja ambao hawawezi kula nyama iliyokatwa na mtu mwingine. Baba alipozeeka na ukanda kuanza kumzunguka mara mbili, hakumtafuta mwanawe mwenye diploma. Alipanda gari la viazi hadi Rhonda, akala mbavu, akavua sime, akaiacha juu ya meza ya kukatia. Akaniambia baadaye kwamba aliisahau. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kusahau hata kofia.

Nilikwenda kumkanya dada yangu, kama ilivyonipasa. Nilichagua Jumamosi mchana, saa ya wateja, kwa kuwa niliamini aibu ya hadharani hufundisha upesi. Nilikuwa sahihi katika hilo.

"Mama Becky," nikaanza, "hiyo kitu kiunoni."

"Keti kwanza, Baba Lewis. Umekonda. Mama Lewis hakupikii?"

"Sikuja kula."

"Basi unaziba mlango."

Niliketi. Akachomoa sime kwa namna ile ya nyumbani, polepole, bega limegeuka, uso umetulia kama anayeshiriki ibada, kisha akakata nyanya. Nyanya ya kachumbari haihitaji sime. Nilimwambia hivyo. Sitaki msomaji afikiri dada yangu ni mtakatifu wa mila. Anapenda kutazamwa, na siku wateja wakiwa wengi huichomoa na kuirudisha hata mara ambazo hakuna cha kukata.

"Mathe," akauliza kijana mmoja wa bodaboda, mdomo umejaa, "huyu pastor anakula ama anahubiri?"

"Anafanya zote mbili. Mwongezee ugali."

Nilihubiri. Nilisema kuhusu amani, kuhusu nafasi ya mwanamke, kuhusu mfano tunaowapa watoto wa mtaa. Nilipomaliza nilikuta sahani yangu ni mifupa mitupu. Yule kijana akaniambia, "Boss, hiyo somo ilikuwa moto, lakini umemaliza hadi maini yangu."

Hayo yalikuwa maisha yetu, mimi nikikanya na yeye akikata, mpaka Becky alipopata mchumba.

Becky huuza dawa za mifugo dukani mjini, na mchumba alikuwa daktari wa mifugo, Kipkorir, kijana wa Keringet, mwana wa Mzee Kiptanui. Tuliwapokea wazee wao, wakawapokea wetu, na mambo yakafika kwenye ngurario. Hiyo ndiyo sherehe ya mwisho ya ndoa yetu ya Kikikuyu, ambapo bwana harusi hukata bega la mbuzi mbele ya watu na kumpa bibi harusi sehemu yake. Bega likikatwa vizuri kwenye kiungo, wawili hao ni mume na mke. Likikosa kukatwa, hakuna ndoa siku hiyo, watu hunawa mikono na kwenda nyumbani.

Katika familia ya baba yangu, kisu cha kukatia bega hakitoki jikoni. Hutoka kiunoni mwa mtu wa upande wa bibi harusi, ambaye huichomoa sime kwa namna ya nyumbani na kumpa kijana mpini. Maana yake haihitaji semina: tunakupa chuma chetu mkononi, makali yakiwa upande wetu. Kwa familia nyingine labda ni maonyesho tu. Kwetu Kuresoi, ambapo waliokuwa wakija kuoa walikuwa watu wa ng'ambo ya kilima kilekile walichotoka waliokuwa wakija na moto miaka ya machafuko ya kikabila, si maonyesho.

Tulikutana kupanga siku, nyumbani kwa baba yetu mdogo, Mzee Gathecha, aliyebaki kuwa mkubwa wa familia. Waithera alisema neno lake mapema.

"Baba ya Becky hayuko. Baba yangu hayuko. Sime ninayo mimi. Nitaivaa mimi, nimpe Kipkorir."

Mzee Gathecha alijikuna shingo. Nilimwona anataka kukubali, na anaogopa kuwa wa kwanza kukubali. Hapo ndipo mwanamume mwenye msimamo anapohitajika. Nilisimama.

"Baba mdogo, kuna mpangilio. Mjomba wa bibi harusi yupo. Kama ni lazima chuma kiwepo, kibebwe na anayestahili."

"Wewe?" Waithera aliniangalia juu mpaka chini. "Si wewe ndiye mwadilifu hatembei na chuma?"

"Huku si kutembea. Huku ni kusimama."

Watu walicheka, nami nilidhani wanacheka nami. Ninapaswa kueleza, kwa kuwa ninadai ukweli kwa wengine, kwamba haikuwa kanuni peke yake iliyonisimamisha. Nilikuwa nimewaza jinsi nitakavyoonekana. Suti ya kijivu, ukanda juu yake, sime ya Mzee Kihara, wageni wa Keringet wakiuliza yule mzee mwenye heshima ni nani. Tamaa ikivaa suti huitwa wajibu.

Mzee Gathecha akaona njia rahisi imepatikana. "Basi iwe mjomba," akasema, bila kumtazama Waithera.

Dada yangu hakupiga kelele. Alifungua ukanda palepale, akaushika kidogo, kisha akaniwekea sime magotini. "Ni siku moja tu ya mtoto wangu," akaniambia. "Huyo ndiye niliye naye. Usiniharibie."

"Mama Becky, mimi huongoza mikutano ya watu mia."

"Hii si mkutano."

Nilirudi nayo Nakuru ikiwa imefungwa ndani ya gazeti, ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya mkoba wa tarakilishi, ili mtu yeyote wa kamati ya nidhamu asinione. Nilifunga mlango wa chumba cha kulala, nikavaa ukanda juu ya pajama, nikasimama mbele ya kioo. Kuichomoa hakukuwa kugumu. Ala ilikuwa na mafuta mengi hata chuma kilitoka chenyewe kama ulimi. Kuirudisha ndiko kulikokuwa na shida, kwa sababu katika kioo kulia ni kushoto, na pazia la Mama Lewis lilikuwa karibu.

Mke wangu, Wangare, alifungua mlango akanikuta nimeshika sime mkono mmoja na nusu ya pazia mkono wa pili.

"Ni nini hii, Baba Lewis?"

"Mazoezi."

"Ya kuua madirisha?" Akanusa hewa. "Na ni nini inanuka kondoo?"

Alikuwa amesema kweli. Ala ilinuka. Ilinuka mafuta ya mwaka na mwaka, jasho la baba, moshi wa Rhonda. Ukiigusa ilikuachia wekundu vidoleni. Nikafikiria suti yangu ya kijivu. Nikafikiria wageni. Usafi ni sehemu ya utu wema, jambo ambalo nimelisema mbele ya shule nyingi. Basi nikachukua beseni, maji ya moto, sabuni ya unga na mswaki wa zamani, nikaiosha ala ya baba yangu.

Waithera hakuwa amenikataza kuiosha. Hakuna anayemkataza mwenzake kuosha Biblia. Mtu hudhani haitamjia akilini.

Maji yalitoka mekundu, kisha ya kahawia, kisha masafi. Ngozi ikalainika kama soksi. Niliogopa ingepoteza umbo ikikauka, kwa hiyo nikafikiri, maana nina elimu, nikarudisha sime ndani yake ili iishikilie. Nikaianika juani kwenye paa la banda la kuku. Jua la Nakuru halina mchezo mwezi wa pili. Ilipokauka ilikuwa safi, nyepesi, ngumu kama mbao, yenye rangi ya biskuti. Nikaipaka rangi ya viatu ya kahawia, nikaisugua ikang'aa. Mama Lewis alisema inafanana na kiatu cha shule. Sikuichomoa tena. Nilikuwa nimeshajifunza, na sikutaka kuligusa pazia la pili.

Siku yenyewe Kuresoi iliamka na ukungu, kisha ikafunguka. Turubai lilikuwa limetundikwa uwanjani kwa baba, wanawake wako kwenye masufuria, na Waithera, badala ya kukaa na wazazi wa bibi harusi, alikuwa motoni na aproni juu ya gauni lake jipya, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na mbuzi. Kichwani alifunga kitambaa cha hariri cha rangi ya dhahabu ambacho Becky alimnunulia kwa siku hiyo. Aliniona nikishuka garini, akatazama ala.

"Umeifanya nini?"

"Nimeisafisha."

Alifungua mdomo. Lakini wageni wa Keringet walikuwa wameanza kuimba langoni, wamebeba vibuyu vya mursik, maziwa yao ya mgando, na mama wa bibi harusi ana mengi ya kufanya wageni wanapoimba langoni. Aliondoka akiwa anatazama nyuma.

Nilijipanga mstari wa mbele. Suti, ukanda juu, mpini mbavuni, kiwiko kimeufunika. Nilisalimiana na watu kwa mkono wa kushoto ili nisilegeze kiwiko, jambo ambalo wengi walilichukua kuwa kiburi. Mzee Kiptanui, baba wa bwana harusi, mtu mrefu mwenye kofia ya pama, alisimama mbele yangu akanizunguka kidogo.

"Mwenzangu," akasema, "unaumwa na mbavu?"

"Hapana, mzee. Ni sime."

"Aa. Nilifikiri umebana mwavuli." Watu wake wakacheka, wetu wakacheka. Hata mimi nikacheka, kwa upande mmoja.

Tulikula vitangulizi, tukasikiliza hotuba, nami nikatoa mojawapo, ndefu. Kisha mbuzi akaletwa, amechomwa, amelazwa juu ya majani katika sinia la mbao. Becky na Kipkorir wakasimama nyuma ya meza. Kijana alikuwa amekunja mikono ya shati. Anakata mifugo kila siku kwa kazi yake, lakini jasho lilikuwa likimtoka. Mzee Gathecha akaita, "Mwenye chuma!"

Nikapiga hatua mbele. Nikageuza bega. Nikashika mdomo wa ala kwa kushoto. Nikavuta juu, taratibu.

Hakuna kitu.

Nikatabasamu, kama mtu anayejua afanyalo. Nikavuta tena, si taratibu sana. Ukanda ukapanda hadi kifuani. Suti ikapanda nao.

"Vuta, pastor!" akaita mwanamke mmoja kutoka kwenye masufuria. "Ni sime, si jino!"

Kicheko kikapita kwenye turubai. Nilipaswa kusimama hapo. Mtu mwenye busara angesimama. Mimi nina msimamo, ambao ni kitu tofauti. Nilibana ala kwapani, nikapanua miguu, nikavuta kwa mikono yote miwili, na katika kujinyonganyonga huko nikazunguka. Nilikuwa sasa nimewaelekea wageni uso kwa uso, mkono juu ya mpini, meno yamekazwa, nikivuta chuma ambacho kingetoka kwa nguvu zote kikitoka. Hiyo ilikuwa namna ya njiani. Baba hakuwahi kunifundisha. Nilijifundisha mwenyewe, mbele ya wakwe.

Kicheko kilikatika. Mpwa wa Mzee Kiptanui, mwanamume wa makamo, alirudi nyuma na kuangusha kiti. Mwingine akasimama mbele ya mama yake. Watu wa Kuresoi na watu wa Keringet tuna nyimbo tofauti, lakini kimya hicho ni kimoja, na kila mwenye umri wa kutosha anakifahamu. Nilimwona Becky. Alikuwa amemshika Kipkorir mkono na hatazami sime, anatazama nyuso za wazee wa upande ule, mmoja mmoja, kama anayesoma kama ataolewa.

"Baba Lewis. Achilia."

Ilikuwa sauti ya Waithera. Alikuwa amekuja kutoka motoni, masizi mkononi.

"Imekwama kidogo tu," nikamwambia.

"Naona. Achilia kabla haijatoka."

Niliachilia. Alinifungua ukanda mbele ya watu wote, kama mama anavyomvua mtoto sweta, akaibeba sime pamoja na ala yake. Akaigeuza. Akapitisha kidole juu ya ngozi. Ngozi ilikuwa imekaza juu ya chuma kama ngozi ya ngoma. Tangu nilipoianika ilikuwa imesinyaa na vibao vimebana.

"Uliiosha," akasema. Hakuuliza.

"Na sabuni," nikakiri, sijui kwa nini niliongeza hilo.

Mzee Gathecha alisogea. "Waithera, leteni kisu cha jikoni. Wageni wataelewa."

"Wataelewa nini, baba mdogo? Kwamba hii yetu tumekataa kuwapa?" Akawageukia wageni. "Mzee Kiptanui, nipatie nafasi kidogo. Huyu ni mtoto wangu wa pekee. Sitaki akatiwe bega na kisu cha viazi."

Mzee Kiptanui alikuwa bado amesimama. Aliangalia mpwa wake, akaangalia kiti kilichoanguka, akakiinua mwenyewe, akakiketia. "Sisi tumekuja kukaa," akasema. "Chukua nafasi."

Waithera aliketi chini kwenye nyasi na gauni lake jipya, akalaza ala magotini, akaomba wembe. Nilidhani ataitia mafuta, au ataipasha moto, na labda kwa siku mbili tatu ingelegea. Hatukuwa na siku mbili tatu. Aliweka wembe kwenye mshono wa baba na kuukata.

Aliukata kutoka mdomoni hadi nchani, tundu kwa tundu. Kila mshipa ulipokatika ulitoa sauti ndogo. Ile ngozi ndicho kitu cha pekee kilichobaki ambacho mikono ya baba ilikitengeneza. Nyumba ilichomwa zamani, na sime yenyewe aliifua mhunzi. Waithera alijua hilo kuliko mimi. Mara moja tu alisita, akaondoa unyuzi mmoja mrefu, akauweka ndani ya mfuko wa aproni. Kisha vibao vikaachana, na chuma kikalala kwenye paja lake, kikiwa wazi.

Sasa ikawa shida ya pili. Chuma wazi hakipitishwi katikati ya wakwe. Kinatoka kwenye ala mbele yao, au hakitoki. Waithera aliinua mikono kichwani, akafungua kitambaa cha dhahabu. Nilitaka kupinga. Mama wa bibi harusi, kichwa wazi, nywele zake za kijivu zimesukwa mistari ya kazini, mbele ya wageni! Kanuni ilinifika mpaka kooni, nikaimeza, na nadhani hiyo ndiyo kazi bora niliyoifanya siku hiyo.

Aliiviringisha sime kwenye kitambaa, mara nyingi, ikawa na mdomo na ncha. Akaifunga kiunoni kwa kamba ya aproni, upande wa kulia, mpini mbavuni. Akasimama. Kiwiko kikashuka mahali pake.

Alikwenda mbele ya meza. Akageuza bega. Akashika mdomo wa kitambaa kwa kushoto. Sime ikatoka polepole, bila sauti, ncha ikitazama nyasi, na sikuona madaha yale ya Rhonda hata kidogo. Akainama akang'oa nyasi, akafuta upande mmoja, akafuta wa pili. Akashika makali kwa kipande cha aproni na kumpa Kipkorir mpini.

"Mwanangu," akamwambia, "kata pole. Haina haraka."

Kipkorir akakata. Alipata kiungo mara ya kwanza, bega likaachia, akampa Becky kipande, na Becky akakila akilia na kutafuna kwa wakati mmoja, jambo ambalo halipendezi kutazama lakini kila mtu alilitazama. Vigelegele vikapigwa upande wetu. Upande wa Keringet wakaimba wimbo ambao sikuujua, na yule mpwa aliyeangusha kiti ndiye aliyeuongoza.

Mzee Kiptanui alinisogelea. "Huyo dada yako," akasema, "kwetu mwanamke hashiki hiyo."

"Hata kwetu," nikamwambia.

"Basi kumbe tunafanana." Akafikiri kidogo. "Mimi nina msichana mdogo anaitwa Jepleting, bado yuko koleji. Akipata mtu, nitamwomba dada yako aje na hiyo sime. Utaruhusu?"

Aliniuliza mimi, kwa sababu nilikuwa nimevaa suti. Na Mzee Gathecha, aliyekuwa akisikiliza, akaona tena njia rahisi. Alipiga meza kwa fimbo, akaniita kwa jina.

"Naftaly! Wewe ndiye ulipinga kule nyumbani kwangu. Simama useme mbele ya wageni, sime ya Kihara ni ya nani tangu leo. Tusije tukagombana tena."

Nilisimama. Bado nasema, na nitasema kesho, kwamba chuma hakina kazi kwenye baraza, wala sokoni, wala kwenye mkutano wa siasa, na kijana anayetembea nacho ili aogopwe ni mwoga. Katika hilo sijabadilika. Nilianza kulieleza. Nilieleza tofauti kati ya silaha na amana, nikagusia Maandiko, nikaanza kugawa wazo langu katika sehemu, na nilikuwa naelekea ya pili Waithera aliponivuta koti. Alikuwa tayari amerudi kukata nyama, kichwa wazi, sime mkononi.

"Sema tu, Baba Lewis. Watu wana njaa."

"Sime ni ya Waithera," nikasema. "Na atakapoona inafaa, atampa anayemtaka. Hata kama ni mwanamke."

Nikangoja kidogo, kama ninavyongoja baada ya semina. Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wameanza kula. Wangare alinisogezea nafasi kwenye benchi, na Waithera akanipitishia mbavu juu ya jani, zile zenye mafuta, zinazodondoka.

"Vua koti kwanza," akaniambia. "Hiyo ya kijivu haioshwi kirahisi."